Nukta, Mstari na Lebo: Jinsi Watu Wengi Wanavyotengeneza Ramani Moja

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza ramani ni nini, atakujibu bila kusita kwamba ramani ni mchoro wa sehemu ya ardhi jinsi inavyoonekana kutoka juu. Atapata alama zake mbili na kwenda zake. Mimi sina ugomvi na jibu hilo, kwa maana ndilo linalotakiwa katika mtihani. Hata hivyo, nimeshika kalamu kukueleza habari za ramani ya aina nyingine, ambayo si mchoro hata kidogo, ingawa ukiitazama kwenye kompyuta utaapa kwamba ni mchoro.

Ramani yenyewe inaitwa OpenStreetMap. Ilianzishwa huko Uingereza mwaka wa 2004 na kijana mmoja, Steve Coast, akiwa mwanafunzi wa University College London. Kilichomkera ni hiki: shirika la serikali la upimaji wa nchi hiyo, Ordnance Survey, lilikuwa na ramani safi ajabu, ila kuzitumia kulihitaji leseni na pesa. Akajiuliza, kwa nini watu wenyewe wasitembee, wapime, kisha waweke pamoja walichokipata ili kila mtu akitumie bure? Alikuwa na bahati ya wakati pia. Hadi mwanzoni mwa mwezi wa Mei 2000, Marekani ilikuwa ikiivuruga makusudi ishara ya satelaiti za GPS kwa watumiaji wa kiraia, hata kipimo kikaweza kukosea kwa mita 100. Uvurugaji huo ulipokomeshwa, chombo kidogo cha kushika mkononi kikaweza kukuambia ulipo kwa kukosea mita chache tu. Basi watu wakaanza kutembea. Haba na haba hujaza kibaba, na leo waliojiandikisha kuichangia ramani hiyo duniani kote wamepita milioni 10.

Sasa hebu fikiri. Watu milioni 10 wasiojuana, huyu yuko Kisumu, yule yuko Berlin, watatengenezaje ramani moja bila kuvurugiana? Kama ingekuwa mchoro, kila mmoja angechora kwa kalamu yake na rangi yake, na mwisho wake ungekuwa fujo tupu. Siri ni kwamba hawachori. Wanaandika orodha. Katika orodha hizo mna vitu vya aina tatu tu, na kila kimoja kinaweza kubandikwa lebo. Kompyuta ndiyo inayosoma orodha hizo na kukuchorea picha unayoiona. Ukitaka barabara ziwe nyekundu, sawa, ukitaka ziwe za manjano, sawa, orodha haijali.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja kuhusu istilahi, maana hapa chamani palitokea mvutano wa kweli na ulikula kipindi kizima cha Jumatano. Kitu cha kwanza tulikiita nukta. Wako waliotaka nodi, kwa kuwa ndilo neno linalosikika katika darasa la kompyuta, lakini walishindwa kwa kura. Kitu cha pili, wenye ramani wanakiita kwa Kiingereza neno lenye maana ya njia. Wengine wakasema basi tuseme njia, yamekwisha. Mimi nilipinga na mpaka sasa napinga: utasemaje kwamba ukingo wa ziwa ni njia? Ukuta wa bweni je? Tukakubaliana tukiite mstari. Cha tatu ni uhusiano. Na kile kinachobandikwa juu ya vyote ni lebo. Kama mwalimu wa Kiswahili katika shule yako ana maneno bora zaidi, chama chetu kitafurahi kuyapokea.

Tuanze na nukta. Nukta ni mahali pamoja tu juu ya uso wa dunia. Haina urefu wala upana. Ina namba yake ya utambulisho, isiyofanana na ya nukta nyingine yoyote, na ina vipimo viwili, latitudo na longitudo. Basi. Nairobi mjini, kwa mfano, ni kama latitudo -1.29 na longitudo 36.82. Ile alama ya kutoa inamaanisha kusini mwa ikweta, nawe usiidharau. Ukiisahau, Nairobi yako itaruka ikweta na kuangukia Samburu, kaskazini mwa Maralal. Ukizigeuza namba zenyewe, ya kwanza ikawa ya pili na ya pili ikawa ya kwanza, utaikuta katikati ya Bahari ya Mediterania, kusini mashariki mwa Uhispania, samaki wakiizunguka! Nao watu wa kompyuta wana utani wao. Kuna nukta nyingi ambazo vipimo vyake vilipotea vikawa sifuri na sifuri. Zote hukusanyika baharini katika Ghuba ya Guinea, pale ikweta inapokutana na longitudo 0, na mahali hapo wamepabandika jina la kisiwa ingawa hakuna hata jiwe la kusimama.

Vipimo hivi huandikwa kwa tarakimu 7 baada ya desimali. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hivyo ukipiga hesabu utaona kwamba tarakimu ile ya 7 ni sentimita moja hivi. Simu ya mfukoni haina uwezo huo. Ikikosea mita 5 imejitahidi. Mtu akikujia na namba ndefu na kujigamba kwamba anajua kisima kilipo mpaka sentimita, mwulize alipima na nini.

Nukta nyingine husimama peke yake: kisima, lango, mti wa pekee, kituo cha matatu. Lakini walio wengi katika mabilioni ya nukta za ramani hii hawana jina wala kazi yao wenyewe. Kazi yao ni kuupa mstari umbo.

Mstari ni orodha ya nukta zilizopangwa kwa mfuatano. Zisipungue 2, zisizidi 2,000. Barabara ikiwa ndefu kuliko hapo inakatwa vipande kama muwa. Na hapa pana jambo ambalo ningependa ulishike vizuri: mstari wenyewe haujui uko wapi duniani. Hauna latitudo wala longitudo. Ulicho nacho ni namba za nukta tu, kama kiranja wa bweni aliye na orodha ya majina mkononi ilhali wenye majina wako kwenye foleni ya chakula. Ukiisogeza nukta moja, kila mstari unaoitaja nukta hiyo utasogea nao.

Kwa sababu hiyo, njia panda katika ramani hii ni nukta moja iliyotajwa na mistari miwili au zaidi. Barabara mbili zikipitana juu ya karatasi bila kushirikiana nukta, kompyuta haioni njia panda. Inaona daraja, moja ikipita juu na nyingine chini, na hakuna pa kukata kona.

Utasema haya ni mambo madogo ya wataalamu. Ngoja. Muhula wa pili mwaka jana mwenzetu mmoja wa bweni aliugua ghafla usiku. Gari la wagonjwa likaitwa kutoka mjini. Dereva alikuwa mgeni wa pande hizi, akaifuata simu yake, ambayo ilikuwa na programu inayotumia data ya ramani hii. Kutoka barabara kuu ya lami hadi langoni petu ni mwendo wa dakika 5 kwa barabara ya murram. Simu haikumpitisha hapo. Ilimzungusha kupitia sokoni, akavuka mto, akapanda kilima kwa nyuma, akatufikia baada ya dakika 40 na ushei, matroni akiwa bado amesimama langoni na tochi yake. Mwenzetu alipona, twamshukuru Mungu, na sasa yuko kidato cha tatu. Lakini tulibaki na swali. Barabara ile ya murram imo kwenye ramani, tunaiona kwa macho yetu. Mbona simu haikuiona?

Mwalimu wetu wa Jiografia alitupeleka kwenye maabara ya kompyuta. Tukaikuza ramani, tukaikuza, tukaikuza. Ndipo tukaona. Mstari wa murram uliishia kando ya mstari wa lami, pengo la kama mita moja na nusu likiwa katikati. Kwa jicho la mtu ilikuwa imegusana. Kwa mashine hapakuwa na nukta hata moja waliyoshirikiana, kwa hivyo hapakuwa na pa kutokea huku kwenda kule. Kuirekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi hii: unaikokota nukta ya mwisho mpaka iwe juu ya mstari wa lami, unaziunganisha ziwe kitu kimoja, unahifadhi.

Kila unapohifadhi, kitu ulichogusa hupewa namba mpya ya toleo, na mabadiliko yako yote huingia katika furushi moja lenye jina lako la mtumiaji, tarehe, na maelezo mafupi ya ulichofanya. Matoleo ya zamani hayafutiki. Kwa hivyo tuliweza kumjua aliyeuchora mstari wetu wa murram. Alikuwa mtu wa ng'ambo, aliyechora kwa kutazama picha ya satelaiti, na pale kwenye njia panda pana mikaratusi mikubwa inayoficha barabara yote. Angejuaje? Binafsi sikumwonea kinyongo. Bila yeye hata hiyo nusu barabara isingekuwako.

Turudi kwenye mstari. Nimesema nukta zake zimepangwa kwa mfuatano, na mfuatano huo una maana, kwa sababu mstari una mwanzo na mwisho. Barabara ya upande mmoja huelekea kule nukta zinakoelekea. Mto huandikwa kutoka chimbuko kwenda mlangoni, kwa hivyo Mto Tana unaanza milimani na kuishia Bahari Hindi. Ukiupindua, umeyapandisha maji mlimani. Ukingo wa bahari una sheria yake nzuri sana: ukiufuata mstari, nchi kavu iwe mkono wako wa kushoto na maji yawe wa kulia. Mombasa ni kisiwa, kwa hivyo mstari wake unazunguka kinyume cha mwendo wa saa. Mtu akiuandika kinyumenyume, mashine itaelewa kwamba Mombasa ni maji na bahari iliyoizunguka ndiyo nchi kavu. Fort Jesus chini ya maji!

Mstari ukirudi ukaishia kwenye nukta ile ile ulikoanzia, umefungika. Nyumba huandikwa hivyo, na shamba, na uwanja wa mpira. Watu wengi hudhani kwamba eneo ni kitu cha nne katika orodha. La hasha. Hakuna kitu kinachoitwa eneo. Kuna mstari uliofungika, na lebo ndiyo inayosema kama tunakusudia kilicho ndani au mzingo wake tu. Raundabauti ni mstari uliofungika, lakini magari huzunguka juu ya mstari, hayalimi katikati. Uwanja wa mpira nao ni mstari uliofungika, na hapo tunakusudia nyasi zote zilizomo.

Sasa kitu cha tatu, uhusiano. Hiki ndicho kilichowatoa jasho wenzangu wengi, nami nimeona kwamba njia ya kukieleza ni kwenda Ziwa Turkana.

Ziwa Turkana ni refu, kama kilomita 250 hivi, na ukingo wake una pembe na vighuba visivyohesabika. Nukta 2,000 hazitoshi. Kwa hivyo ukingo huo umekatwa mistari mingi inayoshikana ncha kwa ncha. Tayari tuna shida, kwa kuwa hakuna mstari hata mmoja ambao peke yake ni ziwa. Shida ya pili ni visiwa. Ndani ya ziwa mna visiwa vitatu vikubwa, cha Kaskazini, cha Kati na cha Kusini. Ukisema kila kilichomo ndani ya ukingo ni maji, umevizamisha. Ndipo tunapoandika uhusiano, ambao nao ni orodha, ila hii ni orodha ya wanachama, na kila mwanachama ana dhima yake. Mistari ya ukingo wa ziwa inapewa dhima ya nje. Mistari ya visiwa inapewa dhima ya ndani. Kompyuta inajua basi: maji ni yale yaliyo ndani ya nje na nje ya ndani. Isome tena pole pole, utaielewa. Na Mungu naye hakutaka kuturahisishia kazi, maana Kisiwa cha Kati ni volkano yenye maziwa madogo matatu katika mashimo yake. Kwa hivyo pana maji, ndani yake nchi kavu, ndani yake maji tena! Maziwa hayo madogo huandikwa kama mistari yao wenyewe iliyofungika, kila mmoja na lebo yake ya maji, na hesabu inatimia.

Wanachama wa uhusiano wanaweza kuwa nukta, mistari, au hata mahusiano mengine. Na mwanachama mmoja anaweza kuwa katika vyama vingi. Mpaka wa kaunti ya Nairobi upande wa kaskazini ndio huo huo mpaka wa Kiambu. Hauandikwi mara mbili. Mstari ni mmoja, ila unatajwa na Nairobi na unatajwa na Kiambu, na siku ukisahihishwa, kaunti zote mbili zinasahihishwa pamoja. Laiti mipaka ya mashamba ingekuwa hivyo, kesi nyingi zingeisha mahakamani.

Matatu nazo. Namba 111 hutoka mjini ikaenda Ngong. Lakini hiyo 111 si barabara. Barabara ya Ngong ingekuwako hata kama matatu zote zingegoma. Namba 111 ni mfuatano wa vipande vya barabara na vituo, ambavyo vingine hutumiwa pia na matatu za namba nyingine. Kwa hivyo ni uhusiano. Mwaka wa 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walitoa ramani ya matatu za Nairobi baada ya vijana kuzipanda na simu zinazopima safari. Data yao waliipanga kwa mtindo mwingine, lakini wazo ni hilo hilo.

Nukta, mstari na uhusiano, vyote vitatu ni mabubu. Nukta inakwambia kuna kitu hapa, haikwambii ni kitu gani. Kinachovipa ulimi ni lebo. Lebo ni swali na jibu, katikati alama ya sawasawa. Huduma gani? Shule: amenity=school. Njia ya namna gani? Ya miguu: highway=path. Maji gani? Kijito: waterway=stream. Swali lisizidi herufi 255, na jibu vilevile. Kitu kimoja kinaweza kuwa na lebo nyingi upendavyo, ila swali lile lile halijibiwi mara mbili kwenye kitu kimoja.

Najua unachotaka kuniuliza, hasa wewe mwanachama mwenzangu: mbona maswali yote ni ya Kiingereza? Nami liliniuma. Lakini fikiria mashine inayotafuta shule katika dunia nzima. Ikiwa Mkenya ameandika shule, Mfaransa neno lake na Mjapani lake, mashine itapotea. Wakakubaliana kutumia lugha moja katika misimbo, na kwa kuwa mradi ulizaliwa Uingereza, ikawa Kiingereza cha Uingereza. Ndiyo maana kijia cha mbuzi nacho kinawekwa chini ya neno highway, ambalo kwetu tukilisikia twawazia barabara ya Thika. Katika sheria za Kiingereza neno hilo hubeba kila njia ya umma, hata ya miguu. Hakuna kamati inayotoa kibali cha lebo. Mtu anaweza kubuni swali jipya leo, na likiwafaa wengine watalitumia; lisipowafaa litakufa. Kwa maoni yangu huo ni utaratibu mzuri, ingawa husababisha mabishano yasiyoisha.

Yako mambo ambayo hayaandikwi. Huandiki kwamba mandazi ya kibanda fulani ni matamu, maana hayo ni maoni. Huandiki nyumba hii anaishi fulani bin fulani, maana hiyo ni siri ya mtu. Wala hunakili kutoka ramani ya kampuni nyingine, maana huo ni wizi. Unaandika kinachoonekana mahali penyewe na ambacho mwingine akienda atakikuta.

Na kuonekana mahali penyewe ndilo jambo zito kuliko yote. Angalia Kibera. Reli ya kwenda Kisumu inapita katikati yake, kila mtu Nairobi anaijua, wageni wa kila namna hufika kuipiga picha. Hata hivyo, hadi Novemba 2009 ilikuwa doa tupu katika ramani hii. Picha za satelaiti zilikuwako, lakini ukitazama Kibera kutoka juu unaona bahari ya mabati. Bati lipi ni zahanati? Bati lipi ni shule? Choo kiko wapi, na maji ya kununua yako wapi? Satelaiti haiwezi kujua. Mwaka huo Erica Hagen na Mikel Maron walianzisha pamoja na vijana wa huko mradi wa Map Kibera. Vijana hao walitoka vijijini mle mle, akina Gatwekera, Lindi, Makina, Silanga, Kianda na Laini Saba. Walipewa vyombo vya GPS na kufunzwa haya haya ninayokueleza. Wakapita vichochoroni kwa miguu, wakaandika: nukta hii ni mfereji wa maji, nukta hii ni choo, hii ni kliniki, mstari huu ni kijia. Watu waliotaka kupigania huduma wakapata cha kuweka mezani. Ukitaka kujua uzito wake, kumbuka kwamba kwa miaka mingi ilisemwa Kibera ina watu milioni moja, halafu sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Niamini nani, wewe uamini nani, hayo tuyaache. Lakini choo kimoja kikiandikwa, mtu anaweza kwenda kukitazama.

Jirani zetu wa Tanzania nao walifanya kazi ambayo napenda kuitaja, tena jina lake ni la Kiswahili safi: Ramani Huria. Ilianza Dar es Salaam mwaka wa 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa wakishirikiana, kwa sababu ya mafuriko. Waliandika mitaro ya maji. Mtaro ni mstari, hilo umeshajua. Lakini wao waliuliza zaidi: una upana gani, una kina gani? Picha ya angani ingewaonyesha mtaro, isingewaonyesha kina. Ilibidi mtu asimame ukingoni na futi kamba.

Sisemi kuchora kwa mbali hakuna faida. Tetemeko lilipoikumba Haiti tarehe 12 Januari 2010, watu waliokuwa maelfu ya kilomita kutoka huko walitazama picha mpya za satelaiti na kuandika barabara za Port-au-Prince na majengo yaliyoanguka, na waokoaji wakazitumia. Ni kazi ya kusifiwa. Ila lebo ya jina haionekani kutoka angani.

Hapo kwenye jina ndipo Kiswahili chetu kinapoingia kwa mlango wa mbele. Swali ni la Kiingereza, name, lakini jibu ni letu: huandikwa jina ambalo wenyeji wa mahali penyewe wanalitumia. Tena kuna nafasi ya lugha nyingine. Ukiandika name:sw, unajibu kwa Kiswahili, na ndiko Ufaransa inakoitwa Ufaransa. Kuna swali la jina la zamani pia. Ziwa Turkana lilipewa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, na msafiri Teleki mwaka wa 1888, likabeba jina hilo hadi 1975. Wenyeji hawakuwa wamemwuliza Teleki awape jina. Lakini historia ni historia, na ina swali lake katika orodha.

Mwaka huu chama chetu kilipewa kazi ya kuandika mazingira ya shule. Simu haziruhusiwi shuleni, mnajua, kwa hivyo tulichapisha picha ya satelaiti kwenye karatasi, tukagawana vikundi, tukatembea na penseli, jioni tukaingiza maabara. Maktaba imeandikwa. Mabweni yote yameandikwa, pamoja na lango dogo ambalo wengi wenu mnalijua kwa sababu zisizofaa kuchapishwa hapa. Bomba la kijijini, kinu cha kusagia, kanisa, msikiti, na kijia ambacho wanafunzi wa kutwa hupitia kuvuka kijito nyuma ya uwanja. Pale pa kuvukia hapana daraja, pana mawe, nasi tuliandika hivyo.

Kijito chenyewe kimetushinda. Mstari wake tumeuandika kutoka juu kwenda chini kama inavyotakiwa. Tukawaendea wazee kuuliza jina. Wanaoishi upande wa juu wana jina lao, wa upande wa chini wana lao, na kila upande unasema wale wengine ni wahamiaji. Mwalimu akasema si tatizo: mstari unakatika, kipande cha juu tukiandike jina la juu, cha chini jina la chini. Tukarudi kwa wazee kuwauliza jina linabadilikia wapi hasa. Huyu akasema penye mawe, yule akasema kwenye mkuyu, wa tatu akatufukuza. Kwa hivyo mpaka jarida hili linakwenda kwa mpiga chapa, kijito kina nukta 63 na hakina jina, na hatujajua tukikate kwenye nukta gani.